Folda Iliyojaa Utupu

"Mlima kwa Shubiri. Mwache huyo mtu. Narudia, mwache."

Shubiri aliisikia amri. Aliisikia vizuri sana. Akakaza mkono, Yamaha ikanguruma kama chui aliyekanyagwa mkia.

Mbele yake mtu wa shati la njano, aliyemwona akitoka geti la ukaguzi kwa kunyatia, alikuwa anakata kona kati ya maghala, pikipiki yake ikiyumba, mkoba mdogo ukimrukaruka mgongoni. Akagonga rundo la mbao. Akarushwa juu, akatua. Akapenya katikati ya malori mawili yaliyoegeshwa, kwenye upenyo ambao hata paka angeufikiria mara mbili.

Shubiri aliufikiria mara moja. Akapita.

"Shubiri! Unanisikia?"

"Sauti inakatika, Mkuu."

"Haikatiki! Nakusikia mpaka unavyohema!"

Akaizima redio.

Ofisini walimbatiza jina la Shubiri kwa sababu ya ulimi wake, na tangu asubuhi ya siku hiyo ulimi ulikuwa mchungu kuliko jina. Kitengo cha kuzuia magendo kilikuwa na majasusi wapole, wenye subira, wanaoandika ripoti kwa mwandiko mzuri. Yeye hakuwa mmoja wao.

Shati la njano likaingia uchochoro uliofungwa kwa geti la chuma. Breki zikalia. Kabla hajageuza pikipiki, gurudumu la Yamaha lilikuwa limeshambusu ubavuni. Akaruka upande wake, pikipiki ikaruka upande wake.

Shubiri akamwinua kwa ukosi.

"Mimi mtu wa kutumwa tu, kaka!" yule mtu alilia. "Mjumbe hauawi!"

"Hauawi. Lakini hakuna aliyesema hang'olewi meno. Fungua mkoba."

Ndani hamkuwa na unga, wala bunda la noti, wala silaha. Mlikuwa na flashi ndogo nyeusi, kibiriti, na chupa ya petroli.

"Ulikuwa unaenda kupika?"

"Niliambiwa niichome."

"Na nani?"

"Yule bwana wa mashine pale geti la ukaguzi. Yule anayecheka kila wakati. Nilimpelekea, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akanirudishia. Akasema kaichome, majivu katupe mtaroni."

"Kwa hiyo kazi imeshafanyika."

"Mimi sijui kazi, kaka. Mimi najua barabara."

Shubiri akamfunga pingu kwenye bomba la geti, akafungua ThinkPad juu ya kiti cha Yamaha, akachomeka flashi. Jua la adhuhuri lilimchoma kisogo. Ndani ya flashi mlikuwa na programu moja, fupi kama kiapo cha mwizi. Akaisoma mara ya kwanza, hakuelewa. Akaisoma tena.

Tengeneza folda tupu. Tengeneza nyingine. Usisimame mpaka ukataliwe. Ukiona nafasi, ijaze. Likipita lori namba 7719 RB, futa folda tupu zote, kisha jifute na wewe.

Damu ikampanda kichwani.

Sasa alijua dada yake alikuwa anasema nini.

Dada yake. Mwanamke aliyemlea tangu akiwa na kamasi puani, aliyemvalisha sare ya shule na kumchapa nayo pia. Alikuwa mwendeshaji wa mashine ya eksirei pale geti la ukaguzi, mahali ambapo kila lori lenye kontena hupigwa picha kabla ya kuingia mjini. Malori matatu yalikuwa yamepita mikononi mwake yakiwa na dawa za homa za watoto. Dawa hizo zilikuwa chaki na maji ya rangi. Watoto walilala hospitali na chupa pembeni ya mto, wazazi wakihesabu vijiko, homa ikicheka.

Picha za malori yale zilipotafutwa, hazikuwepo. Mtaalamu wa mashine akafungua diski mbele ya wakubwa, akaonyesha kwa kidole: nusu nzima tupu. Nafasi tele. Kama picha hazipo, basi kuna mtu kazifuta.

Wakamtoa dada kazini mchana kweupe, mikono ndani ya pingu, akapitishwa mbele ya wafanyakazi wenzake kama mwizi wa kuku.

Asubuhi ile Shubiri alikuwa amesimama nje ya wavu wa mahabusu.

"Umekula?" dada aliuliza.

"Wewe ndiye uko ndani, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza kwa sababu shavu limekuingia kama sahani. Mdogo wangu, nisikilize. Sijafuta kitu. Mimi nilikuwa nafagia."

"Unafagia nini?"

"Folda. Kila lori jipya mashine inalitengenezea folda yake. Lori likirudi, picha yake inaingia kwenye folda ile ile ya zamani. Zote zinakaa ndani ya folda moja kubwa, kwa sababu bosi wa zamani alitaka kila kitu mahali pamoja. Sasa mimi kila nikiingia zamu nilikuwa nazihamisha zile kuukuu, nazipanga kwa miezi, uwanja unabaki mweupe. Akaja Meno, yule mtaalamu wa mashine, akasema kufagia basi, mashine itajipanga yenyewe. Akaninyang'anya ruhusa. Nikamwambia, uwanja usiofagiwa hujaa. Unajua alifanya nini?"

"Alicheka."

"Alinipiga begani akacheka. Saa nane leo wananipeleka mahakamani." Akakaza vidole kwenye wavu. "Hukumu sijui. Ila wakinipitisha tena mbele ya watu na zile pingu, mdogo wangu, mimi sitainua uso tena."

Na sasa Casio mkononi mwake ilikuwa inaisogelea saa nane, na lori namba 7719 RB lilikuwa njiani.

Akampigia Mkuu.

"Folda ya geti imejaa, Mkuu. Ndiyo maana picha hazikuhifadhiwa."

"Diski ni nusu tupu. Mtaalamu amethibitisha."

"Mtaalamu yupi?"

"Wa kampuni inayotunza mashine. Yule mwenye..."

"Mwenye meno."

"Ana shahada mbili, Shubiri!"

"Na mimi nina mdomo mmoja, nisikilize. Una ukuta. Mrefu kama uwanja wa mpira. Umepigiliwa misumari kama elfu thelathini na mbili, na fundi amekwambia hapigilii mwingine. Kila kofia inataka msumari wake. Sasa mtu anakuja na kofia za karatasi, hazina uzito, hazina thamani, anatundika moja moja mpaka misumari yote imekwisha. Kofia yako utaitundika wapi?"

"Si ukuta una nafasi?"

"Ukuta una nafasi! Misumari ndiyo imekwisha! Folda moja ya mfumo ule wa kizamani haibebi folda ndogo zaidi ya hizo, hata diski ikiwa tupu kama kichwa cha... kama debe. Wanaijaza kabla lori lao, 7719 RB, halijapita. Likishapita wanafuta takataka zao, kila kitu kinarudi kuwa safi, na lawama inabaki kwa mwendeshaji."

Mkuu akakohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea.

"Hata kama. Huyo ni dada yako, kesi haikuhusu. Na lori hilo naliona kwenye orodha ya leo, mlango wake una lakiri ya shirika la misaada. Sheria iko wazi, lakiri haivunjwi bila picha yenye kasoro. Ukikanyaga pale getini leo, umemwaga unga, kazi huna."

"Basi tafuta ufagio, Mkuu."

Akakata simu.

"Kaka," alisema shati la njano kutoka kwenye bomba, "na mimi je?"

"Wewe linda geti."

Geti la ukaguzi lilikuwa na foleni iliyopinda mpaka barabara kuu. Joto la injini lilitetemesha hewa. Madereva walikuwa wamelala juu ya usukani, wengine wamekaa kivulini chini ya matela wakicheza karata na kutukanana kwa upendo.

Zamani foleni hiyo ilikuwa ndefu zaidi. Kompyuta ikikwama, taa ilikaa nyekundu na malori yalisimama. Kisha mkubwa mmoja akachelewa harusi ya mwanawe kwa sababu ya foleni. Kesho yake ikatoka amri: geti lisikwame kwa ajili ya kompyuta. Mafundi wakatii kama wanavyotii wote wasiofikiri. Tangu hapo, picha ikishindwa kuhifadhiwa, taa huwaka kijani, na skrini ya mwendeshaji huonyesha picha ya mwisho iliyohifadhiwa, ili asishtuke. Dada alitazama kontena la magunia ya saruji akaamini macho yake. Kumbe alikuwa anatazama lori lililopita kabla.

Mtu aliharakia pilau ya harusi, watoto wakanyweshwa chaki. Shubiri alilifikiria hilo, akatema mate.

Koplo wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alimzuia mlangoni.

"Shubiri! Nimeambiwa usiingie."

"Na nani?"

"Na bosi wako, sasa hivi, kwa simu, kwa kelele."

"Koplo, ulikuwepo siku walipomtoa dada?"

Yule mwanamke akatazama viatu vyake. "Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeambiwa nifunge pingu. Aliniambia nisikaze sana kwa sababu kiganja changu kina jeraha. Cha kwangu, si chake."

"Kuna lori, 7719 RB. Taa ikiwa nyekundu, utafanya nini?"

"Taa ikiwa nyekundu na picha ikiwepo, nitaing'oa lakiri kwa meno."

"Basi kaa na redio." Akaiwasha ya kwake.

Koplo akageuka kutazama foleni, kama mtu ambaye hajaona aliyepita nyuma yake.

Chumba cha seva kilikuwa baridi kama kaburi na kina sauti ya nyuki. Meno alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alipogeuka alitabasamu, na kweli Mungu alikuwa amempa meno, hakumbania.

"Ah! Kijana wa magendo. Pole kwa yaliyompata dada."

"Simama."

"Tatizo ni nini? Diski ni nusu tupu, angalia mwenyewe." Akaelekeza skrini kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukateleza chini ya meza.

Shubiri hakungoja kuona unarudi na nini. Akakipiga teke kiti. Kiti kikazunguka, Meno akazunguka nacho, Glock ikatoka chini ya meza ikiwa imeelekea ukutani. Risasi ikapasua kiyoyozi. Shubiri akachukua kibodi akaitua juu ya kifundo cha mkono. Herufi zikaruka kama bisi. Glock ikaanguka.

Ngumi iliyofuata haikuwa ya lazima. Aliipiga hata hivyo.

Akamfunga pingu kwenye mguu wa kabati la seva, akachomeka kibodi nyingine, akakaa. Skrini ilikuwa imeachwa wazi kwa jina la Meno, ruhusa zote mkononi.

Folda ya geti ilikuwa inameta mbele yake. Folda, folda, folda. Ukifungua moja, hewa. Ukifungua ya pili, hewa. Maelfu ya vyumba visivyo na mtu, kila kimoja kimefungwa na kimehesabiwa.

Redio ikakoroma. "Koplo kwa Shubiri. 7719 RB amefika. Malori mawili mbele yake."

Akafuta folda moja tupu. Kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe, nyingine ikazaliwa mahali pake.

Akafuta kumi. Kumi zikazaliwa.

Akaiua programu. Ikafufuka. Akaiua tena, ikafufuka tena. Ilikuwa na pacha aliyejificha mahali, kazi yake kumwamsha ndugu yake.

Meno alianza kucheka chini pale sakafuni, damu kwenye jino.

"Futa, kijana. Futa mpaka kucha ziishe. Lori langu halijawahi kupita hapa, linahitaji folda mpya, na nafasi hupati. Ukipata, inajazwa kabla hujapepesa jicho."

"Nitazima kompyuta."

"Zima! Kompyuta ikizimika, taa inawaka nini?"

Kijani. Geti lisikwame.

"Lori moja mbele yake," redio ilisema.

"Unajua nilichokipenda kuhusu dada yako?" Meno alisema kwa upole. "Alijua. Aliniambia kabisa kwamba itajaa. Lakini nani angemsikiliza mfagiaji?"

Shubiri aliinuka nusu. Mkono wake ulishafika kwenye Beretta kwapani. Ulimwengu wote ulikuwa mwekundu, na katikati ya wekundu ule kulikuwa na meno.

Akafumba macho. Akavuta pumzi.

Mtu wa hasira hapigani na kila mtu. Akipigana na kila mtu, adui yake anapata nafasi ya kukaa.

Nafasi.

Nyumbani kwao chumba cha watoto kilijaa vitanda hata mlango ulifunguka nusu. Hapakuwa na pa kuingiza hata kigoda. Lakini mgeni akija, alilala. Mama hakuongeza kitanda. Aliingia tu, akamtikisa mmoja wao mguu: "Amka wewe. Kitanda hiki leo ni cha mjomba." Na kila mara aliyetikiswa ni dada, kwa sababu dada ndiye aliyeamka bila kununa.

Kitanda kile kile. Mwenyewe ndiye aliyebadilika.

Shubiri akafumbua macho.

"Ndiye huyu anaingia kwenye mashine," redio ikasema. "Shubiri, anaingia!"

Hakufuta kitu. Alichagua folda moja tupu, ya kwanza iliyokuja mbele ya macho, akaibadilisha jina.

7719 RB.

Akabonyeza.

Idadi haikuongezeka. Haikupungua. Hakuna nafasi iliyofunguka, kwa hiyo programu haikuona cha kujaza. Ilikaa imekodoa macho kama mlinzi anayelinda mlango huku mgeni ameshalala chumbani.

Cheko la Meno likakatika.

"Umefanya nini?"

"Nimemwamsha mtu kitandani."

Mashine ikanguruma nje. Ikatafuta folda ya lori. Ikaikuta. Ikaona ni lori la zamani limerudi nyumbani, ikaweka picha ndani bila kuuliza.

Skrini ikameta. Hapakuwa na picha ya lori la kabla. Lilikuwa lenyewe, mifupa na matumbo. Cheti cha mzigo kilisema mablanketi. Mablanketi yalikuwepo kweli, safu nyembamba mlangoni, laini kama wingu. Nyuma yake, kutoka sakafu mpaka dari ya kontena, chupa ndogo zilizopangwa safu kwa safu.

Kompyuta ikalinganisha picha na cheti.

Taa ikawa nyekundu.

Nje kukasikika breki, mlango wa lori, miguu ya mtu anayekimbia. Kisha tarumbeta ya koplo: "Wewe! Rudi! Unanikimbiza mimi na mwili huu?" Halafu mshindo wa mwili huo ukitua juu ya dereva, na madereva wa foleni nzima wakishangilia kama goli limeingia.

"Shubiri," redio ilihema. "Lakiri imetoka. Ni chupa. Zina picha ya mtoto anacheka. Washenzi hawa."

Shubiri akaichomoa flashi mfukoni, akaishika mbele ya uso wa Meno.

"Programu yako inajifuta sasa hivi. Lakini pacha wake huyu hapa."

Meno alifunga mdomo. Mara ya kwanza. Bila yale meno alikuwa mtu mdogo sana.

Simu ikaita. Mkuu. Sauti ilikuwa imelainika kama mkate uliolowekwa.

"Nimeiona picha, kijana wangu. Kazi safi sana. Nitapiga simu mahakamani, dada yako aachiwe, apewe nauli, aende zake nyumbani apumzike."

Hasira ambayo Shubiri aliidhani imeisha ikanyanyuka upya, safari hii bila moshi, moto mtupu.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Haondoki kwa mlango wa nyuma na nauli kama mtu aliyesamehewa. Mlimtoa hapa mchana, mbele ya watu, kwa Land Cruiser yako. Mrudishe hapa mchana, mbele ya watu hao hao, kwa Land Cruiser hiyo hiyo. Na umfungulie mlango wewe, kwa mkono wako."

"Shubiri, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Nina picha, nina flashi, nina mjumbe amefungwa kwenye bomba anaomba mtu wa kuongea naye. Na waandishi wa habari wanapenda sana watu wenye shahada mbili. Chagua."

Land Cruiser ilifika wakati foleni bado haijasogea. Mkuu alishuka, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma. Dada akateremka na gauni lile lile alilokamatiwa nalo, limekunjamana. Koplo akapiga saluti, kiganja kikiwa na bandeji, na madereva wakaanza kupiga honi, lori kwa lori, mpaka barabara kuu.

Dada akainua uso.

Alimpita Mkuu, akampita mdogo wake, akaingia kwenye chumba chake, akatazama skrini. Programu ilikuwa imejifuta na takataka zake, lakini folda za miezi yote ambayo hakufagia zilikuwa zimelala pale ovyo.

"Hebu ona," alisema. "Mtu ukitoka kidogo tu." Akavuta kiti. Kisha, bila kugeuka: "Wewe, umekula?"

"Bado, dada."

"Nenda kale. Una harufu ya petroli."

Shubiri akavaa kofia yake ya pikipiki. Mkuu alimfuata mpaka kwenye Yamaha, akanyoosha mkono wa pongezi. Mkono ukabaki hewani.

"Sawa," Mkuu alisema, akaurudisha mfukoni. "Lakini ripoti naitaka. Kamili. Leo."

"Nimeshaiweka kwenye kompyuta yako, ndani ya folda moja kati ya nyingi."

"Wapi? Nilitazama kabla sijatoka ofisini, sikuiona."

"Endelea kutafuta, Mkuu." Injini ikanguruma. "Si diski ni nusu tupu?"

Akaondoka polepole, ubavuni mwa foleni, malori yakimpisha.